Hesabu Kikohozi Kila Jumatatu

Fungua kitabu cha MTUHA namba 5 katika zahanati ya Nyanda za Juu Kusini, kurasa za mwezi wa saba, usome mistari mitano tu. Mtoto wa kike, miezi tisa, kikohozi siku tatu, joto 38.6, malaria hana. Bibi wa miaka 71, kifua kinabana, hana homa. Mwanafunzi wa kidato cha pili, homa na kikohozi tangu juzi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, homa na kikohozi tangu jana. Mwanafunzi wa kidato cha pili tena, homa, kikohozi, mwili unauma. Aliyeandika mistari hiyo aliiandika mmoja mmoja, kila mgonjwa na shida yake, foleni ikisogea taratibu kwenye benchi. Saa tisa na nusu akafunga kitabu, akaenda kufunga vidonda. Wanafunzi watatu wa bweni moja walipita mbele yake siku moja na hakuna kilichomgutusha, maana kitabu kinamwonyesha mgonjwa, hakimwonyeshi wingi.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeshika kalamu hiyo: muuguzi, tabibu, mganga mfawidhi wa zahanati, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Nimekaa upande huo wa meza miaka mingi. Najua kwamba taarifa ya wiki huonekana kama kazi ya wilaya, ukiituma imekwisha. Naomba uione kama mali yako kwanza. Huhitaji kompyuta. Unahitaji kitabu ulicho nacho, daftari la hesabu lenye viboksi, rula, kalamu mbili za rangi tofauti, na saa moja kila Jumatatu asubuhi kabla benchi halijajaa.

Kubalianeni mnahesabu nini

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na huharibika kimya kimya. Tabibu mmoja anaandika "mafua", mwenzake "kikohozi", wa tatu "URTI", wa nne anaandika nimonia kila akisikia kifua kinakoroma. Zamu ikibadilika, ugonjwa unaonekana umebadilika, kumbe ni mwandiko tu.

Shirika la Afya Duniani lina tafsiri inayotumika tangu 2014, nayo ni fupi kiasi cha kuandikwa kwenye kadi na kubandikwa mezani. Mgonjwa wa dalili za mafua makali ni mwenye homa iliyopimwa ya nyuzi 38 au zaidi, na kikohozi, na vyote vimeanza ndani ya siku 10 zilizopita. Mgonjwa wa maambukizi makali ya njia ya hewa ana homa, iwe imepimwa au ameieleza mwenyewe, na kikohozi ndani ya siku hizohizo 10, na hali yake inahitaji kulazwa. Basi.

Utaona mara moja wanaoachwa nje. Mwenye makamasi bila homa hahesabiwi. Anayekohoa wiki ya tatu hahesabiwi hapa. Huyo mtafutie kifua kikuu, makohozi yake yapimwe. Mama anayekohoa kila mwaka baridi ikianza kwa sababu anapikia kuni ndani, milango imefungwa, naye haingii. Yule bibi wa miaka 71 pia haingii, kwa kuwa hana homa, na wazee wengi huugua mapafu bila mwili kuchemka. Wenzangu wamewahi kuniuliza kwa hasira: sasa huyu bibi si mgonjwa? Ni mgonjwa, tena wa kuharakishiwa. Mtibu, mpime oksijeni kwa kile kifaa cha kidole kama mnacho, mpe rufaa. Tafsiri ile ni ya kuhesabia, haikufungi mikono katika kutibu. Ichukulie kama wavu wenye macho ya ukubwa mmoja. Samaki wengine watapita, lakini ukivua kwa wavu uleule wiki baada ya wiki, utajua lini bahari ina samaki wengi na lini hakuna. Ukibadili wavu kila zamu, hutajua kitu.

Neno "iliyopimwa" lina uzito. Kiganja kwenye paji la uso hakitoshi, na najua betri za kipimajoto huisha siku ambayo bohari haina. Siku hiyo andika "haikupimwa". Usikadirie 38 ili fomu ijae.

Na kipimo cha malaria kikitoka hasi, usiishie kuandika "homa". Mwaka 2014 Valérie D'Acremont na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika kwetu, Dar es Salaam na Ifakara, wakiwa wamewachunguza watoto 1,005 waliofika na homa. Maambukizi ya njia ya hewa yaliongoza kwa mbali, yakiwa zaidi ya nusu ya magonjwa yote waliyoyagundua, na malaria ilikuwa kama moja ya kumi. Kwa miaka mingi tuliwaandikia watoto wa aina hiyo malaria, tukawapa dawa ya malaria, na msimu wa mafua ukapita vitabuni ukiwa umevaa jina la ugonjwa mwingine.

Dakika moja ya kutazama tumbo

Kwa mtoto mdogo mwenye kikohozi, kuna kipimo kimoja ambacho ningekiweka mbele ya vyote, nacho hakinunuliwi. Mwache mama amkalishe mapajani, akiwa ametulia, hanyonyi wala halii. Pandisha fulana hadi kifuani. Washa saa ya simu. Usitazame uso wake, maana akikuona utacheka naye na hesabu itapotea. Tazama pale kifua kinapokutana na tumbo. Kila tumbo linapopanda ni pumzi moja. Hesabu mpaka sekunde 60 zitimie. Wengi huhesabu 30 na kuzidisha mara mbili, lakini pumzi ya mtoto haina mwendo sawa: huenda mbio, ikasimama kidogo, ikaenda mbio tena, na nusu dakika inaweza kukudanganya.

Aliye chini ya miezi miwili anahema haraka akifika 60 kwa dakika. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, 50. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, 40. Andika namba yenyewe kitabuni, 54 au 47, usiandike "anahema haraka". Namba hiyo itakusaidia leo kuamua kama ni nimonia ya kupewa amoksilini, na Jumatatu itakusaidia kujua ni watoto wangapi wamefika wakiwa hivyo. Ukiona mbavu zinaingia ndani, au hawezi kunyonya, au oksijeni iko chini ya asilimia 90, acha hesabu, tafuta gari.

Gawanya kabla hujashtuka

Mwaka wangu wa pili kazini nilipiga simu wilayani nikihema. Wagonjwa wa kikohozi walikuwa wameongezeka karibu maradufu kwa wiki moja. Mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza swali moja: waliokuja zahanati kwa jumla, wa magonjwa yote, walikuwa wangapi? Sikuwa nimewahesabu. Nilirudi kitabuni nikakuta nao walikaribia maradufu. Dawa zilikuwa zimefika Jumatatu ile baada ya mwezi mzima wa rafu tupu, na habari ilikuwa imeshuka hadi kitongoji cha mwisho. Watu walioumwa wiki zote wakinywa mchaichai nyumbani walikuja kwa pamoja. Ugonjwa haukuwa umeongezeka; milango ya zahanati ndiyo iliyofunguka. Nilimshukuru mratibu yule, na tangu siku hiyo sijawahi kuandika idadi ya wenye kikohozi bila kuandika ya wagonjwa wote chini yake.

Chukua mfano wa kujifunzia. Wiki ya kwanza mmeona wagonjwa 160, na 12 kati yao wana dalili za mafua makali. Gawanya, upate asilimia 7.5. Wiki ya pili wagonjwa 240, wenye dalili 18. Kumi na mbili wamekuwa kumi na nane, mtu atasema mafua yamepanda, lakini gawanya: 7.5 ileile. Wiki ya tatu mvua imekata barabara, wamefika 120 tu, wenye dalili 18 tena. Kwa kuhesabu vichwa hakuna kilichobadilika. Kwa kugawanya umefika asilimia 15, na hapo ndipo unapaswa kuinua kichwa.

Wagonjwa wapya tu. Aliyerudi siku ya tano kwa sababu kikohozi hakijaisha ni hudhurio la marudio, usimhesabu mara ya pili. Zingatia pia sababu zinazowazuia watu wasije hata kama wanaumwa: wiki ya Iddi, Krismasi, Nane Nane, mavuno yanapopamba moto, au minada. Andika sababu hizo pembeni kwa penseli, neno moja linatosha. Baada ya miaka mitatu neno hilo litakuwa na thamani kuliko tarakimu iliyo karibu nalo.

Ukutani, kwa kalamu mbili

Wiki ya taarifa inaanza Jumatatu na kwisha Jumapili. Mwaka una wiki 52, mara chache 53, kama ilivyokuwa 2020. Chora mstari wa chini wenye wiki zote, na wa kushoto kwenda juu wenye asilimia. Kila Jumatatu weka nukta ya wiki iliyoisha. Kalamu ya bluu iwe ya asilimia yenyewe. Nyekundu iwe ya wastani wa wiki tatu, yaani wiki hii na mbili zilizotangulia, jumlisha ugawanye kwa tatu. Kwa mfano wetu wa hapo juu, 7.5 na 7.5 na 15 ni wastani wa 10. Katika zahanati ndogo mstari wa bluu utarukaruka kama panzi, kwa kuwa wagonjwa watatu wakizidi au wakipungua namba inayumba. Mwekundu ndio unaokwenda na msimu. Majina yasiwepo kabisa kwenye karatasi hiyo, wala jina la kaya au la shule. Mtu yeyote anayeingia chumbani humo atausoma ukuta.

Sasa sikiliza, hili ndilo ninalolijali kuliko yote. Wiki isiyo na mgonjwa hata mmoja mwenye dalili, weka nukta kwenye sifuri. Wiki ambayo hukuhesabu, kwa kuwa ulikuwa mafunzoni au kitabu kilikuwa kwa mkaguzi, acha wazi, usiunganishe mstari. Sifuri inasema: nilitazama, hakukuwepo. Nafasi wazi inasema: sikutazama. Anayechanganya hivyo viwili anaiharibu karatasi nzima, kwa sababu anayekuja kuisoma hatajua tena utulivu gani ulikuwa wa kweli.

Sifuri zilizoandikwa kwa uaminifu zimewahi kubadilisha chanjo ya dunia. Kulikuwa na ukoo mmoja wa virusi vya mafua aina ya B unaoitwa Yamagata. Ulikuwa ukizunguka kila mwaka, na chanjo zenye sehemu nne zilikuwa na sehemu ya kuukabili. Ilipokuja korona, barakoa zikavaliwa, shule zikafungwa, mipaka ikafungwa, mafua yakapungua mno kila pembe ya dunia. Baadaye mafua yakarudi, lakini Yamagata haukurudi. Maabara za nchi nyingi ziliendelea kupima na kuandika sifuri, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Haujathibitishwa popote kuzunguka tangu Machi 2020. Mwaka 2023 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakasema hakuna tena haja ya kuuweka kwenye chanjo. Maabara zile zingeacha nafasi wazi badala ya sifuri, uamuzi huo usingewezekana.

Ukishakuwa na miaka mitatu ya nyuma, chora mistari yake kwa penseli hafifu chini ya mwaka huu. Vitabu vya zamani vipo stoo, vumbi limevikalia lakini vinasomeka; kaa navyo Jumamosi mbili. Miaka ya 2020 na 2021 ichore ukipenda, ila usiitumie kama kipimo cha kawaida, maana haikuwa miaka ya kawaida: watu waliogopa kufika vituoni, na virusi vyenyewe vilikuwa vimebanwa. Kanuni ninayoitumia mimi ni rahisi: mstari mwekundu ukikaa juu ya miaka yote ya nyuma kwa wiki mbili mfululizo katika kipindi kilekile, nazungumza na wilaya siku hiyohiyo. Wiki moja naifuatilia. Mbili sisubiri ya tatu.

Tahadhari moja kuhusu nukta ya mwisho. Wiki iliyoisha jana mara nyingi haijakamilika, hasa kama unajumlisha taarifa za vituo kadhaa. Kituo kimoja kimekosa mtandao, kingine kimetuma nusu. Nukta hiyo huonekana ikishuka, na wakubwa wakiiona hufurahi kwamba mlipuko umeisha. Irudie wiki inayofuata kabla hujaamini.

Msimu wa kwenu

Vitabu vingi vimeandikwa Ulaya na Marekani, ambako mafua ni ya majira ya baridi, yanapanda mara moja na kushuka. Kwetu karibu na ikweta virusi vya mafua hupatikana karibu mwaka mzima, vikiwa na vilele ambavyo hutofautiana kati ya mahali na mahali. Makete na Njombe, Juni na Julai usiku huleta hata umande ulioganda; watu hulala wamebanana, madirisha yamezibwa, mkaa ndani. Pwani hakuna baridi ya aina hiyo, lakini mvua ya masika huwakusanya watu chini ya paa moja vilevile, na shule zikifunguliwa mabweni hubadilishana vikohozi kutoka mikoa yote. Baridi peke yake haimwambukizi mtu. Virusi hutoka kwa mtu, na kinachobadilika na majira ni muda tunaokaa tukipumua hewa moja.

Virusi navyo vina kalenda tofauti. Watafiti wa taasisi ya KEMRI na Wellcome Trust kule Kilifi, pwani ya Kenya, wamefuatilia virusi vya RSV kwa zaidi ya miaka ishirini. Hivi ndivyo vinavyowabana kifua watoto wachanga zaidi ya virusi vingine. Huko Kilifi mara nyingi huanza kupanda kuelekea mwisho wa mwaka na kusumbua zaidi miezi ya kwanza ya mwaka mpya, wakati wa joto la kaskazi. Mganga wa pwani anayesubiri kipupwe ndipo aandae dawa na oksijeni za watoto atakuwa amechelewa kwa nusu mwaka. Ndiyo maana nasema chora ya kwenu. Karatasi ya Njombe haimsaidii mtu wa Kilifi, na karatasi ya London haimsaidii yeyote kati yao.

Tenganisha umri. Fomu zetu za wagonjwa wa nje huwatenga vizuri watoto wachanga na walio chini ya miaka mitano, kisha humtia kila mtu wa miaka 5 hadi 60 kwenye kapu moja. Kapu hilo ni kubwa mno. Ndani yake yumo mtoto wa darasa la kwanza, yumo mama mjamzito, yumo dereva wa lori. Katika daftari lako mwenyewe likate: wa umri wa shule kivyao, watu wazima kivyao. Wale watatu wa bweni moja niliowataja mwanzoni wangeonekana hapo papo hapo. Mara nyingi wanafunzi hupanda kwanza, kisha wadogo zao nyumbani, mwisho bibi na babu wanaowalea, na kati ya hatua hizo kuna siku za kujiandaa.

Kijiti cha pamba na safari yake

Mpaka hapa unajua wingi, hujui ni kirusi gani. Kwa macho, mafua, korona na RSV hufanana kupita kiasi, na mtu anayekuhakikishia kwa kusikiliza kikohozi tu anabahatisha. Jibu linatoka maabara, na si kila kituo kinachukua sampuli. Kenya ilianza mtandao wa vituo teule vya kufuatilia mafua mwaka 2006, Tanzania 2008. Vituo hivyo huchukua sampuli kwa utaratibu uliopangwa, si kwa kumchagua anayeonekana mgonjwa zaidi, ili asilimia ya waliokutwa na kirusi iwe na maana.

Kama kituo chako ni kimojawapo, heshimu baridi. Kijiti kikishatoka puani na kooni huingia kwenye kichupa chenye maji maalumu ya kuhifadhi virusi, na kuanzia hapo kinatakiwa kikae kati ya nyuzi 2 na 8, kifike maabara ndani ya saa 72. Siku ya Ijumaa jioni, kabla hujachukua sampuli, uliza kwanza gari linaondoka lini. Sampuli iliyolala juu ya meza Jumamosi na Jumapili ikitoka hasi haikwambii kwamba hakuna kirusi. Andika tarehe ya dalili kuanza, maana siku tatu au nne za kwanza ndizo kirusi kinapatikana kwa wingi zaidi.

Kichupa hicho kinaweza kufika mbali. Mtandao wa dunia wa kufuatilia mafua ulianza 1952. Maabara za taifa hupeleka baadhi ya virusi kwenye vituo vikubwa, kikiwamo cha London na cha Atlanta, na kila Februari na Septemba wataalamu hukaa kuamua chanjo ijayo itengenezwe na virusi vipi. Nchi isiyopeleka kitu huchaguliwa chanjo kwa virusi vya wengine.

Panzi, 2024

Mwishoni mwa 2024 kulizuka hofu kubwa kutoka Panzi, mkoa wa Kwango, kusini magharibi mwa Kongo. Kuanzia tarehe 24 Oktoba hadi 5 Desemba waliandikwa wagonjwa 406 wa ugonjwa usiojulikana, na 31 wakafa, wengi wao watoto wadogo. Homa, kikohozi, mafua, kichwa. Magazeti ya dunia yaliuita ugonjwa wa ajabu. Panzi iko mbali, kama siku mbili kwa barabara kutoka Kinshasa, na mvua ilikuwa imeanza. Hakukuwa na maabara ya karibu ya kupima, na sampuli za mwanzo zilipata taabu njiani. Uchunguzi ulipokamilika, kulikutwa virusi vya kawaida vya msimu vya njia ya hewa vikiwa vimeambatana na malaria, katika miili ya watoto ambao utapiamlo ulikuwa umeshawadhoofisha.

Baadhi ya watu waliposikia hivyo walisema, kumbe si kitu. Mimi naona ni habari nzito kuliko kirusi kipya. Watoto walikufa kwa magonjwa tunayoyajua kwa majina, na swali la kwanza lililopaswa kujibiwa kwa siku moja lilikuwa hili: Panzi huwa na wagonjwa wangapi wa kikohozi na homa mwezi wa kumi na moja? Hilo halijibiwi na mtaalamu anayeteremka kwenye helikopta. Linajibiwa na karatasi iliyo ukutani.

Karatasi ikisema, fanya nini

Yapo mambo ya kupigia simu bila kusubiri Jumatatu. Watu wazima wenye afya njema wakianza kulazwa kwa mapafu. Wahudumu wa afya wawili au zaidi waliomhudumia mgonjwa mmoja wakiugua. Wagonjwa kadhaa wa kaya moja au bweni moja wakitokea ndani ya siku chache. Kuku au bata wakifa kwa wingi na anayewachinja akashikwa na homa na kikohozi. Najua kideri huua kuku kila kiangazi, lakini taja tu. Kanuni za Afya za Kimataifa zinaitaka nchi itoe taarifa ndani ya saa 24 baada ya kutathmini kwamba binadamu amepata aina mpya ya kirusi cha mafua, na saa hizo zinamtegemea wa kwanza aliyeshika simu. Mratibu wa wilaya asipopatikana, Tanzania namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure.

Kwa kupanda kwa kawaida kwa msimu, kazi ni za hapohapo. Agiza amoksilini za watoto mapema, wiki nne kabla ya kilele cha miaka iliyopita, kwa sababu bohari nayo ina foleni yake. Kagua mtungi wa oksijeni na mirija midogo ya pua ya watoto. Wanaokohoa wapewe benchi lao nje, kivulini, wenye watoto wachanga wa kliniki wasipitie hapo. Pitia kadi za chanjo: chanjo ya nimonia ipo kwenye ratiba ya Tanzania tangu 2013, na bado kila mwaka hukosi kumpata mtoto aliyekosa dozi ya tatu. Mpigie matroni wa bweni, mwombe afungue madirisha ya bwalo na vyumba hata kama wasichana wanalalamika baridi, na akuletee idadi ya wanaokohoa kila Ijumaa. Mwalimu anayeona namba yake imeingia kwenye grafu huleta ya wiki ijayo bila kukumbushwa.

Na utahamishwa. Barua ya uhamisho huja katikati ya mwezi, siku saba uwe umeripoti. Siku ya makabidhiano mtaorodhesha vitanda, mizani, jokofu la chanjo. Msimamishe mwenzako mbele ya ukuta. Mwonyeshe kilele cha mwaka jana kiliangukia wiki gani. Mwonyeshe pengo la wiki ya 33 ambapo mstari haukuunganishwa, na umweleze kwamba ulikuwa msibani, hukuhesabu. Mwonyeshe sifuri mbili za Oktoba, na umwambie hizo ulihesabu. Kisha mpe ile kalamu nyekundu, na kama leo ni Jumatatu, muweke nukta ya wiki hii pamoja.